Pipa Lililopasuka Nyumbani kwa Bwana Mifugo

Juzi kijana mmoja alikuja kwangu hapa Makutano na shawa mpya ya umeme kwapani. Binti yangu ndiye aliyempigia simu kwamba maji hayapati moto. Kijana hakuwa amefika bafuni wala hakuwa amegusa swichi. Alisimama mlangoni akaulizia ngazi.

"Ile ya zamani ina nini?" nikamwuliza.

"Imekwisha, mzee."

"Umeiona?"

"Hizi zikikaa sana huwa zinakwisha tu. Nitakuwekea hii, hutasumbuka tena."

Nilimwambia aweke kitu chake chini, azime umeme kule kwenye swichi kuu, apande afungue kifuniko. Waya mmoja ulikuwa umelegea, ncha yake imeungua ikawa nyeusi. Tukaikata ncha, tukakaza skrubu, na maji yakatoka ya moto. Kijana akaniangalia kama niliyemwibia mfukoni. Alipoondoka akamwambia binti yangu, akidhani sisikii, "Babako ana maswali kama polisi."

Laiti polisi wangekuwa na maswali kama yangu. Kuna mtu mmoja wa Gachoka aliyekaribia kupotea kwa sababu watu walikuwa na viboko vingi na maswali machache, na hadithi yake nitawasimulia ninyi mafundi vijana. Lakini kwanza nitoe hasira yangu, kwa sababu nimezeeka na sina haja ya kuificha.

Kazi yangu ya maisha ilikuwa maji moto na moto wa nyumbani: mapipa ya kuni, majiko ya chuma yenye boila mgongoni, meko na chimni zake, baadaye mitungi ya umeme, na mwishoni hizi sahani za jua mnazozipanga juu ya paa. Nimetembea na spana kuanzia mji wa Embu mpaka huku Meru. Sijakasirika kwa kuwa hamjui. Hata mimi sikujua. Kinachonikera ni kwamba mnabadilisha kitu kabla ya kukiuliza kimeumia wapi. Mteja analia baridi, nanyi mnamletea kifaa. Kifaa kipya kinakufa vilevile, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye kifaa.

Mimi niliingia kazi hii kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa mwanafunzi wa sayansi katika chuo kikuu huko Uganda. Nilirudi nyumbani Githongo likizoni, na Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni ikanikuta huko. Pasi ya kusafiri kurudi chuoni haikutoka. Niliiomba tena, haikutoka. Nikauliza kwa nini. Karani akaniambia kwamba watu wanaouliza kwa nini ndio hasa pasi zao hazitoki. Basi nikaishia Embu, kwenye karakana ya bomba ya Kalasinga mmoja tuliyemwita Mistri Jagat, ambaye serikali ilimpa kazi ya kutengeneza maji moto katika nyumba za maofisa.

Mistri hakufurahi kunipata. Siku ya kwanza alinitazama viatu, akatazama mikono.

"Wewe soma mingi?"

"Kidogo, Mistri."

"Kidogo hapana sumbua. Mingi nasumbua. Shika hii bomba."

Na nilimsumbua kweli. Alipozungusha katani kwenye nyuzi za bomba kuelekea kulia, niliuliza kwa nini si kushoto. Akaniacha niifunge kushoto. Nilipokaza, katani yote ikajisukuma nje kama nywele za mwendawazimu na bomba likavuja hadi chini. Lakini nami nilimpata. Alikuwa akiamini kwamba bomba la maji moto lililosimama wima halihitaji kuoshwa, eti joto linajisafisha lenyewe. Nililikata moja lililotoka Gachoka mbele yake. Ndani mlikuwa na tundu la kupitisha penseli tu. Alilishika, akalichungulia kwa jicho moja huku jua likiwa upande wa pili, kisha akasema, "Sawa. Hii moja wewe nashinda." Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Nalo jambo la kwanza nililojifunza halikutoka kwake wala chuoni. Lilitoka kwenye maji. Maji ya mlimani, hayo mnayokunywa Githongo na Embu juu, ni mepesi na yana njaa. Yanakula chuma. Pipa la chuma likiwekwa huko halizibi, linatoboka, na linaanza kutoboka pale mshono ulipo, kwa ndani, msipopaona. Teremka sasa mpaka Gachoka, kwenye maji ya kisima, na mambo yanageuka. Maji ya huko ni mazito, yana chokaa, na chokaa hiyo hushika ndani ya bomba kama ugali ulioungua kwenye sufuria. Huko pipa halitoboki. Linajaa. Nimeona fundi akipeleka Gachoka pipa nene la gharama kubwa ili lisitoboke, na kuweka Githongo bomba pana ili lisizibe. Alifanya kazi kwa bidii sana, na yote ilikuwa kinyume.

Na chimni? Mwalimu mkuu mmoja pale Githongo alibadilisha meko ya sebule yake tena na tena kwa sababu moshi ulirudi ndani. Nikamwuliza unarudi lini. Hakuwahi kufikiria lini. Mkewe akajibu kutoka nje, alikokuwa amekaa na chai yake, "Upepo ukitoka mlimani. Nyumba yetu ni nzuri sana, fundi, tunaiangaliaga kutoka hapa." Chimni ilikuwa fupi kuliko mgongo wa paa. Upepo ulipovuka paa uliangukia mdomoni mwake. Tuliongeza mawe juu, na yule mama akaingia ndani ya nyumba yake.

Basi, sasa Bwana Mifugo.

Huyu alikuwa ofisa mzungu wa mifugo, na nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko nje kidogo ya mji wa Embu. Maji yake ya kuoga yalipashwa moto kama ilivyokuwa katika nyumba zote za aina hiyo. Nyuma ya jikoni kulikuwa na pipa la chuma lililojengewa kwa mawe, na chini yake tundu la kuni. Maji baridi yaliingia chini ya pipa kutoka kwenye tangi, na ya moto yakatoka juu kwenda bafuni. Halafu kulikuwa na bomba la tatu, ambalo ninyi wa leo hamlijui, nasi tuliliita bomba la pumzi. Lilitoka kichwani mwa pipa, likapanda kupita kimo cha tangi, likapinda kama mpini wa bakora na kuachwa wazi. Kazi yake ni moja. Maji yakichemka sana, mvuke utokee huko badala ya kutafuta njia yake wenyewe. Kwa kawaida bomba hilo hudondosha. Linatema matone, linakohoa, linatoa mvuke. Likidondosha, mshukuru. Ni pipa linapumua.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ikiwa ile ya ukungu unaoingia mpaka ndani ya soksi, pipa la Bwana Mifugo lilipasuka. Mawe yaliruka, ukuta wa jikoni ukaanguka nusu, na bata mzinga wa Memsabu, mkewe, akafa papo hapo. Hakuna mtu aliyeumia, kwa sababu mpishi, aliyepaswa kuwa pale hasa ukuta ulipoangukia, alikuwa ametoka kwenda kuchukua maziwa.

Mpishi huyo aliitwa Nyaga, Mmbeere wa Gachoka, mtu wa makamo mwenye sauti ndogo. Alikuwa amepikia nyumba hiyo miaka mingi. Na siku hizo kitu kikilia kwa kishindo hakiitwi ajali. Inspekta wa polisi, mzungu kijana asiyenizidi umri, alifika akaokota kwenye kifusi kipande cha bomba la pumzi. Ndani ya mdomo wake mlikuwa na gunzi la mahindi, limesukumwa kwa nguvu na kuvimba likajaa kabisa.

Kesi ikaisha hapohapo. Bomba limezibwa kwa makusudi. Jikoni mna gunia la magunzi. Mpishi ndiye huwasha moto kwa magunzi. Mpishi alitoka dakika ileile. Nyaga akachukuliwa hadi kambi ya homgadi, wale walinzi wa vijijini waliowekwa na serikali, na ikasemwa kwamba lori la kwenda kizuizini litakapopita, yumo.

Mnaelewa maana ya lori hilo? Mnaisoma Hali ya Hatari katika kurasa chache na kufanya mtihani. Sisi tulijua watu waliopanda lori, na hatukujua walikoshukia.

Mistri nami tulipelekwa kuweka pipa jipya, maana Memsabu hakuweza kuoga maji baridi hata kama nchi inawaka. Tulipofika, mke wa Nyaga alikuwa ameketi kando ya lango na kikapu cha chakula. Alikuwa ametembea kutoka kijiji walichohamishiwa, akiwa na ruhusa ya kurudi kabla ya kafyu. Jina lake Wanja. Aliangalia spana zangu.

"Wewe ndiye wa kutengeneza hiyo kitu?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe ni wa wapi?"

"Meru. Githongo."

"Watu wa Meru mna maneno mengi. Sasa itengeneze, halafu uiulize. Sisi tumeulizwa, tumechoka. Hiyo haijaulizwa."

Nilienda kwenye kifusi nikiwa na hasira ya kumtosha kila mtu. Hasira kwa Inspekta, kwa sababu alishika jibu mkononi na hakuona kwamba ni jibu la swali lingine. Gunzi! Katika nchi hii nani hana gunzi? Kibuyu cha uji kinazibwa kwa gunzi. Kibuyu cha asali, cha maziwa, cha maji ya safari, vyote. Mama yangu akiona tundu lolote linalovuja, mkono wake unatafuta gunzi kabla kichwa hakijafikiri. Wewe unasema mtu ana gunzi, ni kama kusema ana vidole. Swali halikuwa nani ana gunzi. Swali lilikuwa nani alisumbuliwa na tundu.

Nikaanza kuangalia. Tangi halikuwa juu ya paa bali kwenye mwinuko mdogo nyuma ya nyumba, kwa hiyo bomba la pumzi halikuwa na haja ya kupanda juu sana. Mtu akipanda rundo la kuni alifikia mdomo wake. Chini ya pale mdomo huo ulipokuwa, kwenye mawe ya ukuta wa pipa yaliyobaki yamesimama, kulikuwa na jiwe bapa lililong'aa kwa kukaliwa. Ukuta huo ndio uliokuwa na joto pekee katika ua mzima. Na anayekaa nje ya nyumba ya ofisa asubuhi yote, katika baridi ya Julai, si mpishi. Mpishi ana jiko lake.

Kulikuwa na mlinzi, homgadi mzee aitwaye Ngari, mwenye mkuki na kabuti la jeshi lililomfika miguuni, ambaye pipa lilipopasuka alikuwa ameenda langoni. Alikuwa sasa ameketi kwenye ngazi za nyumba akitetemeka, akilitazama pipa lililovunjika kwa huzuni kubwa kuliko ya mwenye pipa.

"Mtamaliza lini?" akaniuliza.

"Kwani mzee unaoga hapa?"

"Ninyi wa Meru hamna adabu. Ukiulizwa swali, jibu swali."

Mbona sikumwuliza pale pale? Nilifikiri. Lakini neno ambalo homgadi angemwambia fundi lingebaki kati ya homgadi na fundi. Na akiogopa, angekana mara moja, na akishakana mbele ya watu hawezi tena kurudi nyuma. Halafu, kama ningempeleka kwa Inspekta kwa mdomo tu, ningekuwa nimemtoa mtu mmoja kambini na kumwingiza mwingine. Sikutaka kubadilisha mtu kwa mtu kama vile mnavyobadilisha shawa.

Tena kulikuwa na jambo la pili lililonisumbua zaidi. Bomba la pumzi peke yake likizibwa, pipa halipasuki. Fikirieni. Maji yakivimba yanarudi nyuma kwenye bomba la baridi, yanaingia kwenye tangi, basi. Ili pipa lipasuke lazima njia zote mbili zifungwe. Nikachimbua bomba la baridi. Hapo, karibu na pipa, nikakuta vali ya njia moja, ile inayoruhusu maji kuingia na kuyakataza kurudi. Nayo ilikuwa imefungwa kwa katani iliyozungushwa kwa mtindo ninaoujua.

Nikaipeleka kwa Mistri, aliyekuwa ameinama anapima pipa jipya.

"Mistri, hii ni mkono wako."

Akaifuta udongo kwa kidole gumba.

"Memsabu nasema tangi yake nakuwa moto, yeye nataka maji baridi ya kunywa. Mimi nafunga hii. Maji hapana rudi tena."

"Na mvuke?"

"Mvuke nayo bomba yake juu. Wazi. Nani nazibaga bomba ya juu?" Kisha akashusha sauti. "Wewe nataka leta mimi matata? Mimi nayo watoto."

"Nyaga naye ana mke langoni, Mistri."

Akarudi kuinamia pipa lake. Tulifanya kazi siku hiyo yote na asubuhi iliyofuata bila kusemezana ila majina ya spana. Pipa la zamani nililigeuza nikaona mshono wake umeliwa na maji ya mlimani hadi kubaki wembamba wa karatasi. Ndiyo maana gunzi lilishinda. Pipa lenye afya lingelitema. Tukajenga mawe upya, tukafunga mabomba, na mdomo wa bomba la pumzi nikaurudisha pale pale ulipokuwa, juu ya jiwe bapa. Vali sikuirudisha. Bila vali, hata mtu azibe vipi, maji yatarudi kwenye tangi na hakuna atakayeumia. Hilo nililihakikisha kabla ya kufanya nilichofanya.

Siku ya pili, karibu na adhuhuri, Inspekta alikuja na lori. Lilisimama barabarani likinguruma. Wanja alikuwa langoni na kikapu kipya. Nikamwendea Bwana Mifugo nikamwambia kwamba boila jipya lazima mwenye nyumba alione likichemka mara ya kwanza, na kwamba mahali pazuri pa kuona ni dirisha la stoo, maana nje mnyunyizo unalowesha. Alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Inspekta, kwa kuwa alikuwa akisubiri chai, akaja naye. Mistri akasimama nyuma yao kilemba kikigusa dari.

Niliwasha kuni nyingi kuliko inavyotakiwa. Ukuta ukapata moto. Na Ngari, taratibu, kama paka anayejifanya hana haja, akatoka kwenye ngazi, akaja, akaketi kwenye jiwe lake, akaegemea. Akafumba macho. Nimeona watu kanisani wasio na amani ile.

"Huyo ni mlinzi wangu?" Bwana Mifugo akauliza.

"Ndiye, Bwana. Ngoja kidogo."

Pipa likaanza kunguruma. Bomba la pumzi likakohoa, likatema. Tone la kwanza likamwangukia Ngari kwenye kabuti. La pili shingoni. Akaruka, akalitukana bomba kwa Kiembu, matusi mazuri ya mtu anayezungumza na mbuzi wake. Akahamia kushoto. Upepo ukaleta matone kushoto. Basi akaweka mkuki chini, akaenda kwenye gunia, akachagua gunzi kwa uangalifu, akalipima kwa jicho, akalirudisha, akachukua nene zaidi, akapanda rundo la kuni, akalisokomeza kwenye mdomo wa bomba na kuligonga kwa jiwe. Akashuka, akapangusa mikono, akaketi.

Kisha Inspekta akasema, "Kamata yeye!"

Mnaona? Mtu ameonyeshwa ukweli dirishani, na mkono wake bado unatafuta pingu. Alitoka mbio, nasi nyuma yake. Ngari aliinuka akapiga saluti.

"Hii gunzi nani naweka?"

"Mimi, Afande."

"Na ile ya kwanza?"

"Mimi, Afande. Linavuja kila siku. Nalifunga, linafunguka tena. Mafundi wa hapa hawajui kazi."

"Kwa nini wewe hapana sema?"

Ngari akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mliniuliza kama nimeona adui. Sikuona adui. Tundu hakuna aliyeniuliza."

Nilimwambia Bwana Mifugo, kwa Kiingereza changu cha chuoni ili asiweze kusema hakuelewa, kwamba mzee huyu amefanya kile ambacho kila mtu katika wilaya hii angefanya akiona kitu kinavuja. Nikamwambia asogee, aweke mkono kwenye bomba la baridi. Lilikuwa moto, maji yalikuwa yakirudi kwenye tangi bila kishindo chochote. "Limezibwa tena, Bwana, na halipasuki. Kwa hiyo gunzi peke yake halikuvunja ukuta wa jikoni."

"Basi nini kilivunja?"

Vali ilikuwa mfukoni mwangu. Naapa sikujua kama nitaitoa. Nilimtazama Mistri. Mistri alikuwa anatazama lori, na Wanja aliyeshika kikapu kwa mikono miwili.

"Mimi," Mistri akasema.

Kila mtu akageuka.

"Valvu moja mimi nafunga kwa bomba ya baridi. Maji hapana weza rudi. Gunzi huku, valvu huku, na pipa nakuwa mzee. Pipa fanya nini? Napasuka. Mpishi hapana jua valvu. Mlinzi hapana jua. Mimi najua."

"Na nani aliambia wewe funga valvu?" Inspekta akauliza, akisogea.

Mistri akasawazisha kilemba chake. Kisha, kwa heshima kubwa, akaonyesha kwa kidevu barazani, ambako Memsabu alikuwa amesimama na shali yake.

"Memsabu nataka maji baridi ya kunywa."

Vijana, sijawahi kuona kosa likibadilika jina haraka namna ile. Lilipokuwa la mpishi, lilikuwa uhaini. Lilipokuwa la mlinzi, lilikuwa pingu. Lilipokuwa la Kalasinga, sauti ilikuwa imeanza kupanda. Lilipofika barazani, Bwana Mifugo alikohoa, akasema kwamba mambo ya mabomba ni magumu, na kwamba kwa hakika hii ilikuwa ajali ya kawaida. Inspekta akaangalia saa yake. Lori likaondoka bila Nyaga.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka mtu aseme samahani, kwa lugha yoyote. Mistri alinishika mkono wa shati, akasema polepole, "Kimya. Mtu natoka. Kimya kwanza." Kisha akapanda rundo la kuni mwenyewe akaling'oa gunzi.

Nyaga aliletwa jioni ya siku hiyohiyo, jua likiwa bado halijazama. Alitembea kama anayehesabu mbavu zake. Nguo zilikuwa zilezile alizochukuliwa nazo, na siku zile za kambi zilimnukia mwilini. Mkewe alimshika mkono. Nyaga akasimama mbele ya pipa jipya, akalitazama kutoka chini mpaka juu.

"Kwa hiyo ni hili," akasema kwa sauti yake ndogo.

Memsabu alitoa kichwa dirishani, akamwona, akakirudisha. Baada ya muda sauti yake ikatoka ndani, ikiuliza kama maji ya kuoga yako tayari.

Sasa sikilizeni, hili ni la kazi. Pipa jipya lina mafuta ya kiwandani, vumbi la chuma na mabaki ya katani. Maji yake ya kwanza hayapelekwi bafuni. Unafungua koki ya chini na kuyamwaga yote, kisha unajaza upya. Ndivyo inavyofanywa, na hakuna mwenye nyumba anayeweza kukupinga.

Nilimwuliza Nyaga kama amewahi kuoga maji ya pipa hilo, miaka yote aliyokuwa akiwasha moto wake alfajiri. Akaniangalia kana kwamba nimemwuliza kama amewahi kulala kitandani mwa Bwana. Nikachukua karai kubwa la kufulia, nikaliweka nyuma ya ukuta ulioanguka nusu, mahali pasipoonekana kutoka barazani, na nikafungua koki. Maji yalitoka na mvuke mwingi. Ngari, bila kuambiwa, alisimama kwenye kona na mkuki wake, akiwapa mgongo. Wanja alikunja mikono ya gauni na kuanza kumwogesha mumewe mgongo, polepole, akipita mbali na mahali palipouma.

"Yananuka chuma," Nyaga akasema.

"Yanyamazie," Wanja akamwambia. "Yana moto."

Memsabu akaita tena, sasa kwa hasira. Mistri akaniangalia. Nikapiga bomba mara kadhaa kwa spana ili isikike kwamba kazi inaendelea.

"Bado, Memsabu!" nikajibu. "Bado tunaosha."